Chujio Kavu la Fundi Januari

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Padri, Mwenyekiti wa kitongoji, wazee wa ukoo wa Ndalahwa, ndugu zetu Waislamu wa Kagongwa na Kahama, Mzee Kamrudin na binti yako Gulnaz, mafundi, madereva, majirani, poleni na msiba, na asanteni kwa kuvumilia jua hili wakati turubai ni moja na watu ni wengi. Mimi ni Mwalimu Herman Ndalahwa, mdogo wake marehemu wa kumfuata, tumenyonya ziwa moja, nafundisha hesabu na Kiswahili shule ya msingi hapa hapa Kagongwa, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, Januari Ndalahwa, kabla hatujaondoka naye kwenda Ushetu kwa maziko ya saa kumi. Nimepewa dakika ishirini, na karatasi nilizoshika ni sita, ingawa kikao cha jana kilitaka ziwe tano, na hilo la karatasi ya sita nitalifikia, maana tangu asubuhi linanichoma kuliko jua lenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Januari 1946, katika kijiji cha Ukune, Ushetu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ndalahwa Mabula na Mama Milembe, ambao wote wametangulia, na jina la Januari alipewa na katekista aliyemwandikisha ubatizo, ambaye aliinua macho akatazama kalenda ukutani, akaona imetosha. Baba Padri utanisamehe, najua yupo mtakatifu wa jina hilo, lakini katekista wetu hakumjua. Mama alikuwa akisema mtoto huyu hakubebeka, ukimfunga mgongoni anasukuma kwa magoti mpaka nguo inalegea, na alipopata miguu aliielekeza barabarani, mahali lori la mazao lilipopita mara moja kwa wiki, akawa anakwenda kulisubiri hata siku ambazo kila mtu alijua halipiti.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1955 palepale Ukune, akamaliza la nne mwaka 1958, kisha akaenda shule ya kati Kahama, ambako alimaliza darasa la nane mwezi Novemba 1962, akiwa wa pili kwa hesabu na wa mwisho kwa mwandiko. Mwandiko wake ulikuwa kama njia ya kuku kwenye majivu, mwalimu mmoja alimwambia heri ashike spana, na yeye akaondoka na maneno hayo kama mtu aliyepewa baraka. Naomba mwandiko huo muukumbuke, kwa sababu kutokana na ubaya wake, katika familia yetu, barua zote na hati zote za Januari nilikuwa nikimwandikia mimi.

Tarehe 4 Februari 1963 aliajiriwa kuosha vipuri katika karakana ya ushirika, Shinyanga mjini, chini ya msimamizi aliyeitwa Mzee Sabiti, Mwislamu wa Tabora mwenye asili ya Ujiji, fundi ambaye aliweza kukuambia lori limetoka Maswa au limetoka Kahama kwa kuonja vumbi lililobaki kwenye chujio la hewa. Malori ya wakati ule chujio lake lilikuwa wavu wa chuma unaokaa juu ya bakuli la oili, vumbi likiingia linanasa kwenye oili kama nzi kwenye asali, na Mzee Sabiti alimfundisha kuliosha na kulipaka kila Jumamosi, akimwambia, "Mwanangu, dunia ya Shinyanga ni vumbi, usipolikamata mlangoni litakulia ndani ya nyumba." Marehemu alilishika neno hilo kwa miaka thelathini na mitano, na mimi nasema wazi kwamba kwa malori yale lilikuwa neno la kweli, mtu asije akatoka hapa akamlaumu Mzee Sabiti, naye hayupo wa kujitetea.

Alifaulu majaribio ya ufundi daraja la tatu mwaka 1966, la pili mwaka 1969 na la kwanza mwaka 1974, na mwaka 1979, ushirika ulipopokea malori ya kwanza yenye turbo, yaani kile kifeni kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kiisukumie injini hewa nyingi zaidi, yeye ndiye aliyechaguliwa kuyatunza. Hapo ndipo alipobuni upimaji wake, ambao mafundi mliopo hapa mnaujua na wengine mnauiga vibaya. Lori lililochelewa kupata nguvu hakulipima limesimama, alilipakia mzigo, akalipeleka kwenye mwinuko, akakaa juu ya madigadi, lile bati linalofunika gurudumu la mbele, boneti ikiwa imefunguliwa, mkono wake wa kushoto ukiwa kwenye mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye turbo, kisha akampigia dereva kelele, "Kanyaga!" na kuanza kuhesabu mpaka mpira uvimbe na kuwa mgumu mkononi. Ukivimba kabla ya tatu turbo ni nzima, ukifika nne tafuta mahali hewa inapovuja kwa povu la sabuni, ukipita tano turbo imechoka. Na wakati akihesabu, shingo ilikuwa imegeukia nyuma kutazama moshi, kwa maana alikuwa na kanuni kwamba gari lenye moshi mweusi lina njaa ya hewa, na gari lisilo na nguvu wala moshi lina njaa ya dizeli. Kanuni hiyo nayo naomba muishike.

Jumamosi tarehe 10 Julai 1971, katika kanisa la Parokia, Kahama, alifunga ndoa na Paskazia Lugwisha, binti wa Kagongwa hapa hapa, ambaye alimpata kwa kumtengenezea baba yake mashine ya kusaga bila kuitwa. Mungu aliwajalia watoto wanne, Bernadina aliyezaliwa mwaka 1972, mapacha Kulwa na Dotto waliozaliwa mwaka 1975, na Shija aliyezaliwa mwaka 1978, na wajukuu sita. Shemeji yangu aliwahi kuniambia kwamba kwa miaka ishirini na minane ameolewa na mtu ambaye mkoba wake wa nguo haukuwahi kutoka nyuma ya mlango, na kwamba alipokuwa nyumbani alikula amesimama, akizunguka uani na bakuli mkononi, akisikiliza magari yanayopita barabara ya Isaka na kuyataja magonjwa yao moja moja.

Mwaka 1992 karakana ya ushirika ilipunguza wafanyakazi, naye akiwamo, akarudi hapa na kufungua gereji ya mabati mnayoiona pale ng'ambo. Haikumtosha. Mwaka 1994 dhahabu ilipokuwa ikimwita kila mtu, yeye aliitwa na magari ya waliokwenda kuitafuta, akafungua gereji ya pili Geita, na mwaka 1996 akajaribu ya tatu Buseresere, akawa anazunguka kati ya hizo tatu kwenye malori ya watu, na kote alikopita aliacha somo lake la vumbi, kwamba chujio lolote, hata haya mapya ya karatasi, lipakwe oili kidogo kwa kitambaa. Madereva kuanzia Isaka hadi Katoro walianza kuuita ufundi huo kwa jina lake, ungesikia mtu anamwuliza mwenzake, "Umeshalipaka Januari?" na yeye, kwa unyenyekevu wake wote, jina hilo alilipenda.

Sasa nimefika karatasi ya sita, aliyoiagiza marehemu mwenyewe, na wale wa kikao mnaweza kuacha kunikazia macho, kwa kuwa siwezi kuirudisha mfukoni.

Jana asubuhi kaka yetu mkubwa alisema, na alisema kwa busara zake, kwamba fundi hana shamba wala ng'ombe wa kurithisha, urithi wake ni jina, na Kulwa na Dotto ndio wanaobaki na gereji, je, ni nani ataleta gari kwa watoto ambao baba yao ametangazwa msibani kwamba alikosea? Kikao kiliitikia. Nikauliza ni nani aliye tayari kwenda mwenyewe mbele ya jeneza na kumwambia Januari kwamba alichokiagiza hakitasomwa, wakaanza kuzungumza habari za maji ya kunywa. Ndipo Mama Bernadina, ambaye hakuwa ameitwa kikaoni, aliposema kutoka mlangoni, "Isome yote, shemeji. Mume wangu hakuwahi kufunga boneti kabla hajamaliza." Kwa hiyo naisoma kwa ruhusa ya mjane, na yeyote mwenye neno alipeleke kwake.

Mwezi Februari 1998, barabara zikiwa bado zimekatika kwa zile mvua za El Nino, kampuni moja ya wageni iliyokuwa ikitafuta dhahabu kuzunguka Geita ilileta magari matatu mapya ya dizeli, ya aina ambayo injini inatawaliwa na kompyuta ndogo, na ndani ya mrija wa hewa, hewa ikishapita tu kwenye chujio, kuna kidude cha kupima hewa inayoingia, mafundi wanakiita sensa. Kiangazi kilipoanza magari hayo yaliletwa gereji ya Geita kusafishwa vumbi, na marehemu, kwa mkono wake mwenyewe, akayapaka Januari yote matatu. Mwanzoni mwa Septemba moja likaanza kuchelewa, dereva anakanyaga, gari linawaza kwanza, halafu ndipo linapopanda kwa kujivuta, na siku lilipomwangusha meneja katika mwinuko wa kuingia Geita, mbele ya wageni wake, ikaamuliwa kwamba lazima mtu alaumiwe.

Dereva wa gari hilo alikuwa Stanslaus, mtu wa Buseresere, Mzinza, mwenye miaka thelathini na minne wakati huo, ambaye kabla ya kazi hiyo aliendesha lori la samaki kwa miaka tisa bila kugonga hata mbuzi. Jumamosi tarehe 12 Septemba 1998 gari lililetwa kwa marehemu, akakaa juu ya madigadi, akamwambia Stanslaus akanyage, akahesabu mpaka saba. Mpira ulikuwa bado laini, na nyuma hapakuwa na moshi wowote. Alishuka, akaomba warudie, akahesabu saba tena, akatazama nyuma tena. Nilikuwapo, nilikuwa nimekwenda Geita kwa likizo fupi ya Septemba, na nilimwona akizunguka gari lile mara nne, akishika hiki na kuachia kile, akijikuna kichwa na kujisemea, "Mbona halina moshi?" lakini meneja alitaka hati siku ile ile, na hati ziliandikwa na mimi.

Januari aliniambia, na maneno haya nayakumbuka yalivyo, "Andika kwamba turbo imechoka, nadhani dereva anazima injini ikiwa bado ya moto, ila sijauelewa moshi." Ni kweli kwamba turbo inaharibika ukizima injini ghafla baada ya kupanda mlima, kwa kuwa oili inaacha kuzunguka huku kifeni kikiwa bado kinaungua, na ndiyo maana marehemu aliwafundisha madereva kuliacha gari liungurume taratibu kwa dakika tatu kabla ya kuzima. Jumatatu tarehe 14 Septemba hati ile ilisomwa kwa sauti uwanjani kwa kampuni, mbele ya madereva wanane waliosimama mstari mmoja, ikasema turbo imeharibika kwa uzembe wa dereva, na Stanslaus akavua kofia ya kazi, akatoa funguo mfukoni, akazikabidhi, akatoka kwa miguu. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa gari katika barabara yote ya Biharamulo, maana hati ilikuwa na sahihi ya Januari Ndalahwa, na kwa madereva sahihi hiyo haikubishaniwa.

Turbo mpya ilifungwa, gari likatembea vilevile. Marehemu akalaumu mpira, akabadilisha mpira, gari likatembea vilevile. Mwezi Novemba gari la pili likaanza kuchelewa, na dereva wake alikuwa mtu wa kuhesabu zile dakika tatu kwa saa ya mkononi, na mwezi Desemba likafuata la tatu, nalo bila moshi. Kuanzia hapo kaka yangu hakutulia tena hata kwa kile kiasi kidogo alichozoea, Krismasi alikuja hapa akaondoka kabla nyama haijaiva, ukimwongelesha anajibu jambo jingine, akawa anashika mipira ya magari yaliyoegeshwa sokoni, magari ya watu asiowajua, wenyewe wakimfukuza.

Jumamosi tarehe 23 Januari 1999 alikwenda Kahama, dukani kwa Mzee Kamrudin, muuza vipuri wake tangu siku za ushirika, akiwa amefunga sensa ya gari la kwanza kwenye leso kama yai. Mzee Kamrudin alimtania, akamwambia, "Bwana Januari, leo umeniletea mgonjwa au mahari?" lakini binti yake, Gulnaz, aliyesoma Kiingereza mpaka kidato cha sita, alitoa kitabu cha magari hayo, akamsomea taratibu, akimgeuzia kwa Kiswahili mstari kwa mstari, kwamba ndani ya sensa kuna uzi mwembamba kama unywele unaopashwa moto, hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inahesabu hewa kwa jinsi uzi unavyopoa, kwa hiyo uzi ukichafuka kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inabana dizeli, gari linakosa nguvu, na kwa sababu dizeli ni kidogo, halitoi moshi. Na chini ya ukurasa palikuwa na onyo, chujio la karatasi liwekwe kavu, lisipakwe oili, kwa kuwa mvuke wa oili hunata kwenye uzi na kushikilia vumbi. Gulnaz amenieleza kwamba marehemu alimwomba arudie mstari huo mara tatu, kisha akaketi juu ya sanduku la vipuri, yeye ambaye dukani kwao hakuwahi kukaa, na akasema, "Mwanangu, huyo ni mimi."

Alirudi Geita siku ileile, akairudisha sensa mahali pake na kuchomoa waya wake kama kitabu kilivyoelekeza, ili kompyuta iache kuisikiliza, akapanda juu ya madigadi, akapiga kelele, mpira ukajaa mkononi mwake kabla hajamaliza kusema mbili. Baadaye aliiosha sensa kwa spiriti, akaweka chujio jipya, kavu, na gari likarudi ujanani. Alikwenda kwa meneja kueleza, akaambiwa ahsante kwa matengenezo, nafasi ya dereva imeshajazwa na faili limeshakwenda Dar es Salaam. Akaanza kupita gereji moja baada ya nyingine, Katoro, Buseresere, Ushirombo, Kahama, akiwaomba mafundi waache kupaka, na mafundi wakamcheka, mmoja akamwambia, "Mzee umechoka, si wewe uliyetufundisha?" Ni vigumu kulifuta jina lako mwenyewe kwenye midomo ya watu, na alilijua hilo kila aliposhuka kwenye lori.

Marehemu alimpata Stanslaus siku ya Pasaka, tarehe 4 Aprili 1999, kwenye machimbo madogo upande wa magharibi wa Geita, alisubiri juu ya duara, yaani shimo la wachimbaji, mpaka mwenyewe akapanda kwa kamba, mweupe wa vumbi kuanzia nywele hadi kucha. Marehemu alimweleza yote, akamwomba msamaha. Stanslaus alimwamkia kwanza, "Shikamoo mzee," kwa kuwa amelelewa, kisha akamwambia, "Nimekusikia, lakini tupo wawili tu hapa. Ulinisema mbele ya watu, kaniseme tena mbele ya watu." Kaka akaitikia kwamba ni haki, wakakubaliana kwamba mwezi Mei atawakusanya madereva wale wanane na wengine zaidi, asimame aseme.

Hakusimama. Tarehe 2 Mei 1999 alianza kuvimba miguu, akaendelea na safari zake, akazidiwa akiwa Ushirombo, akalazwa Kahama tarehe 19 Mei, kisha akahamishiwa hospitali ya rufaa Mwanza tarehe 11 Juni, ambako madaktari waligundua kwamba figo zake zote mbili zimeshindwa kazi. Huko wodini alimsumbua kila mtu, alitaka kujua mashine zinavyofanya kazi, na alimwomba muuguzi asogeze kitanda dirishani asikie barabara. Jumapili tarehe 8 Agosti aliniita, akanitaka nichukue kalamu, akaniambia niandike karatasi hii ya sita, na alipofika kwenye hati akasema, "Andika hivi, mimi Januari nilisema ni uzembe." Nikamwambia, "Kaka, hukusema hivyo." Akaniuliza, "Sahihi ni ya nani?" Nikaandika.

Alifariki Jumanne tarehe 17 Agosti 1999, saa moja na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, miezi saba na siku tatu.

Karatasi ya sita imeishia hapo, na ninayoyasema sasa hayakupita kwenye kikao chochote, hata shemeji yangu hayajui. Neno uzembe si la Januari. Ni langu. Januari alisema "nadhani", nikaliacha, kwa kuwa mimi ni mwalimu na niliona hati yenye "nadhani" haina heshima, alisema hajauelewa moshi, nikauacha moshi, kwa kuwa ulirefusha sentensi, kisha nikatafuta neno zito la kufungia, nikaliweka, nikaridhika nalo. Alitia sahihi bila kusoma kwa sababu aliyeandika ni ndugu yake. Yeye alikosea oili, na kosa la oili alilifuata kwa miguu miezi minane mpaka likamlaza, lakini aliyemtoa Stanslaus kwenye usukani ni mimi, kwa mwandiko mzuri, na kaka yangu alikufa akilibeba langu juu ya lake bila kumwambia mtu. Naona aibu, na natamani ningeyasema haya akiwa anasikia.

Kuhusu Kulwa na Dotto, wanangu, msiogope, fundi anayesema mahali alipokosea ndiye wa kupelekewa gari, na yeyote aliyepo hapa mwenye gari jipya akifika nyumbani afungue chujio, akikuta lina oili alitupe, aweke jipya, kavu. Hiyo ndiyo amri ya mwisho ya Januari, na kuanzia leo mtu akitaja kupaka Januari ajue kwamba mwenyewe ameikataa.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Kahama na Mwanza kwa kumvumilia mgonjwa asiyelala kitandani, Baba Padri kwa sakramenti ya mwisho, majirani wa Kagongwa kwa kuni, maji na unga, Mzee Kamrudin kwa turubai na Gulnaz kwa ule ukurasa, na madereva wa barabara ya Isaka ambao tangu Jumanne mkipita hapa mnapunguza mwendo. Wabeja sana. Kama kuna niliyemsahau, kichwa changu leo hakiko mahali pake, anisamehe.

Kuna mmoja sikumsahau. Tangu jana mchana yuko hapa mtu mwenye shati la kijani, alishuka kwenye lori la Geita, akawaamkia wazee wote, akachukua shoka akapasua kuni bila kutaja jina lake, na sasa hivi ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa pale langoni, karibu na pikapu ya marehemu itakayobeba jeneza. Stanslaus, nimesema mbele ya watu. Hawa ni zaidi ya wanane. Marehemu aliagiza kwamba akubalipo Stanslaus, yeye ndiye amwendeshe mpaka Ushetu, na funguo ninazo mimi, zimekuwa mfukoni zikinichoma paja tangu nilipoanza kusoma. Nimezitoa, hizi hapa mkononi. Ukikataa hakuna wa kukulaumu, Dotto atashika usukani, na mimi nitajua kwamba nilistahili, lakini sitaziweka chini mpaka utakaponijibu.

Kaka Januari, ulitufundisha kwamba injini iliyopanda mlima haizimwi ghafla, huachwa iungurume taratibu mpaka moto utulie. Umeunguruma vya kutosha, nasi tumekaa karibu tukikusikiliza. Moto umetulia, kaka, zima. Pumzika kwa amani.